Usisubiri uchoke ndipo upumzike (uzi mrefu)

Wakuu, salaam.

Kila wiki humu jukwaani unaanzishwa uzi wa namna ya kufanya mengi kwa muda mfupi, na ushauri ni uleule: amka alfajiri kabla ya wengine, lala kidogo, kula huku unafanya kazi, mapumziko utayapata ukishafanikiwa. Najua walioandika wana nia njema. Lakini kuna jambo nyuzi hizo zinaliruka, na ndilo linalowaangusha watu wengi wenye bidii: mtu aliyechoka hawezi kuupima uchovu wake mwenyewe. Kinachopima ni akili, na akili ndiyo iliyochoka. Anayesubiri ajisikie hoi ndipo apumzike, kazi yake imeshaanza kuharibika muda mrefu kabla hajajua.

Nitaeleza kwa nini nasema hivi. Ni ndefu kidogo, nivumilieni.

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, wakiongozwa na Hans Van Dongen na David Dinges, walichapisha jaribio ambalo naona kila mwajiri angepaswa kulijua. Waliwachukua watu wazima wenye afya njema wakawagawa: kundi moja liliruhusiwa masaa 8 kitandani kila usiku, jingine 6, jingine 4, kwa siku 14 mfululizo. Kila siku walipimwa wepesi wa kuitikia, kumbukumbu ya muda mfupi na hesabu ndogondogo. Wale wa masaa 8 hawakuyumba sana. Wale wa 6 na 4 walishuka siku hadi siku bila kusimama, mpaka mwishoni wakawa katika hali ya watu waliokesha usiku mmoja au miwili bila kufumba jicho.

Cha kuangalia zaidi ni hiki. Walipoulizwa wanajisikiaje, walionyesha kwamba usingizi uliwasumbua siku za mwanzo, kisha hisia hiyo ikatulia. Uwezo ukaendelea kuporomoka, hisia ya kuchoka ikabaki palepale. Na masaa 6 si mateso, ni usiku wa kawaida wa watu wengi tunaowafahamu. Kila mmoja wao atakwambia kwa moyo safi kabisa, "mwili wangu umeshazoea." Hadanganyi, anasema anachohisi. Tatizo ni kwamba anachohisi hakilingani tena na anachofanya.

Miaka sita kabla ya hapo, 1997, Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walilinganisha kukesha na pombe. Mtu aliyekaa macho masaa 17 alifanya vibaya kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu mtu kuendesha gari. Piga hesabu: aliyeamka saa 11 alfajiri na saa 4 usiku bado anajibu barua pepe za kazi, ameshafika hapo. Hakuna bosi ambaye angemkabidhi mlevi hesabu za kampuni, lakini barua za saa 4 usiku zinasifiwa kuwa ndizo uwajibikaji.

Najua mtasema kuna kahawa. Kahawa ipo, nami siipigi vita. Ila tuelewe inachofanya. Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini inaanza kujikusanya ubongoni, na kadiri inavyojikusanya ndivyo usingizi unavyokulemea. Kafeini inakwenda kukaa kwenye vipokezi vya adenosini, hivyo ubongo haupati ujumbe. Adenosini yenyewe haijaondoka na inazidi kuongezeka. Ni kama dereva anayebandika karatasi juu ya taa ya onyo la mafuta: taa haionekani, mafuta yanaendelea kuisha. Zaidi ya hapo, mwili wa mtu mzima huchukua takriban masaa 5 kuondoa nusu tu ya kafeini, wengine zaidi. Kikombe cha saa 11 jioni bado kina nusu yake ndani yako saa 4 usiku, kinakunyima usingizi mzito, na kesho unahitaji kikombe kingine mapema zaidi.

Sasa tutoke kitandani twende kiwandani, maana wapo watakaosema usingizi sawa, lakini masaa ya kazi ni masaa ya kazi, ukiongeza masaa unaongeza uzalishaji.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilihitaji makombora kuliko kitu kingine chochote. Viwanda vingi vikafuta Jumapili, watu wakapigishwa kazi masaa 70 na zaidi kwa wiki, kwa sababu askari walikuwa wakifa. Mwaka 1915 serikali ikaunda kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Wachunguzi wake wakaingia viwandani na kuandika wiki kwa wiki nani kafanya masaa mangapi na katoa vipande vingapi. Wengi walikuwa wanawake waliokereza sehemu za fyuzi, yaani viwashio, vya makombora. Kumbukumbu hizo zikabaki, na mwaka 2014 mchumi John Pencavel wa Chuo Kikuu cha Stanford akazipiga hesabu upya.

Aliona kwamba hadi kufikia kama masaa 49 kwa wiki, uzalishaji ulipanda sambamba na masaa. Baada ya hapo kila saa ya nyongeza ilileta kidogo kuliko iliyotangulia. Na aliyefanya masaa 70 alitoa karibu sawa na aliyefanya 56. Isomeni tena hiyo. Masaa 14 ya mwanadamu, karibu siku mbili za kazi za kawaida, yakaenda karibu bure. Akaona pia kwamba kuiondoa Jumapili kulipunguza matokeo ya wiki.

Ninachokipenda katika mfano huu ni kwamba hauna nafasi ya kisingizio. Hawa hawakuwa watu wa kuchagua kazi wala wa kuperuzi mitandao. Walikuwa na sababu nzito kuliko zote za kujituma, na kazi yao ilihesabika kipande kwa kipande. Sisi wengi wetu tunaandika ripoti, tunafundisha, tunapanga mipango, tunahudumia watu, na hakuna anayehesabu vipande vilivyoharibika. Masaa yanaonekana, uharibifu hauonekani, kwa hiyo tunasifiana kwa masaa.

Wanaosimamia kazi waliligundua hili mapema kuliko tunavyodhani. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulihusu masaa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani, na wa 1921 ukaweka mapumziko ya masaa 24 mfululizo kila siku saba. Henry Ford, tajiri wa viwanda vya magari Marekani, ambaye hakuna anayeweza kumwita mpole kwa wafanyakazi, aliingiza wiki ya siku tano mwaka 1926.

Walijaribu kinyume chake Wasovieti. Mwaka 1929 waliifuta wiki ya kawaida ili mashine zisilale hata siku moja: kila mfanyakazi alifanya kazi siku nne na kupumzika ya tano, lakini siku hiyo ilitofautiana baina ya mtu na mtu. Kwa karatasi, watu walipata mapumziko mengi kuliko mwanzo. Kwa uhalisia, mume anapumzika leo, mke keshokutwa, watoto shuleni siku nyingine, marafiki hawakutani. Mashine nazo zikakosa nafasi ya kufanyiwa matengenezo, na kwa kuwa zilipita mikononi mwa wengi, hakuna aliyejiona mwenye dhamana nazo. Mwaka 1931 mpango ukabadilishwa kuwa wiki ya siku sita yenye siku moja ya wote, na 1940 wakarudi kwenye siku saba. Binafsi naona hili ni muhimu kuliko hesabu ya masaa: siku ya mapumziko ambayo hakuna mtu wa kuwa naye ni nusu ya mapumziko.

Mfano wa mwisho kwa sehemu hii, na huu ni wa maisha ya watu. Mwaka 2004 Charles Landrigan na wenzake mjini Boston walifuatilia madaktari wapya katika wodi za wagonjwa mahututi. Walipofanya zamu za zamani, za masaa 24 na kuendelea, makosa yao makubwa ya kitabibu yalizidi kwa asilimia 36 yale waliyofanya walipopangiwa zamu fupi. Madaktari wa ngazi ileile, wodi zilezile. Wangeulizwa, wengi wangesema wanaimudu.

*

Nimerudi. Asanteni kwa michango, wengine mmeongeza vitu vizuri. Nijibu yaliyojirudia.

*"Mkuu, mimi napumzika sana tu, nakaa na simu hata saa nzima, lakini narudi kwenye kazi nimechoka kuliko nilivyoondoka."*

Ndugu, kuacha kazi na kupumzika ni vitu viwili. Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, waliochapisha kazi yao mwaka 2007, waligawa mapumziko yanayomrudishia mtu nguvu katika mambo manne: akili kuachana na kazi kabisa, mwili kutulia, kujifunza au kufanya jambo jingine lenye changamoto nje ya kazi, na kuwa na uhuru wa kuamua muda huo utumikeje. Saa yako ya simu iangalie kwa vipimo hivyo. Kundi la kazini linakuita, kwa hiyo akili haijaachana na kazi. Habari za kutisha zinapita, kwa hiyo hujatulia. Hujifunzi chochote, na unachokitazama hukukichagua, kimechaguliwa na programu.

Mwaka 2012 Michaela Dewar na wenzake katika Chuo Kikuu cha Edinburgh waliwasimulia wazee hadithi fupi mbili. Baada ya moja walikaa kimya dakika 10 katika chumba chenye mwanga hafifu, baada ya nyingine walicheza mchezo wa kutafuta tofauti kati ya picha. Siku saba baadaye, hadithi iliyofuatwa na ukimya ndiyo waliyoikumbuka vizuri zaidi. Dakika 10 tu. Ubongo ukiachwa bila kulishwa kitu kipya unashughulikia kile ulichopewa punde, ukiulisha kingine unaukatiza. Simu ni mchezo wa kutafuta tofauti usioisha.

Jambo hili linaonekana hata katika kipimo cha sekunde. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilichapisha mwaka 2019 jaribio la watu waliojifunza kubonyeza mfululizo wa tarakimu, sekunde 10 wakifanya, sekunde 10 wakipumzika. Maendeleo ya mwanzo karibu yote yalitokea ndani ya zile pause, siyo wakati vidole vinabonyeza. Mwalimu yeyote anayemrundikia mwanafunzi mazoezi bila nafasi ya kupumua anapaswa kulitafakari hili.

*"Mimi natumia ule mtindo wa dakika 25 kazi, dakika 5 mapumziko. Unatosha?"*

Unasaidia, endelea nao. Uchambuzi wa mwaka 2022 uliounganisha tafiti za mapumziko mafupi, ya dakika 10 kushuka chini, ulionyesha kwamba yanaongeza uchangamfu na kupunguza uchovu. Lakini kwa kazi nzito za kufikiri hayakutosha kurudisha ubora wa kazi, zinahitaji mapumziko marefu zaidi. Kwa hiyo dakika 5 za kunyoosha mgongo zinafaa kwa kuingiza takwimu au kupanga mafaili. Kama unaandika hoja, unasuka programu ya kompyuta au unatatua hesabu ngumu, fanya saa moja hadi moja na nusu, kisha ondoka kweli, tembea, nusu saa.

Na hapa niwakumbushe utafiti wa Anders Ericsson wa 1993 juu ya wapiga violini mjini Berlin, ule uliozaa msemo kwamba ubingwa unataka masaa 10,000 ya mazoezi, ambao kila mtu anaunukuu. Wanasahau nusu ya pili. Walio bora walifanya mazoezi ya makini kwa wastani wa kama masaa 4 kwa siku, yakiwa yamekatwa vipande, na walilala zaidi kuliko wenzao wa kiwango cha chini, usingizi wa mchana ukiwemo. Masaa 4 ya umakini mkali ndiyo yaliyowatosha watu wanaotaka kuwa bora katika fani yao. Anayesema anafikiri kwa kina masaa 12 kila siku, sehemu kubwa ya hayo anakuwa amekaa tu mbele ya kazi.

*"Usingizi wa mchana si uvivu?"*

Shirika la anga la Marekani, NASA, liliwapa marubani wa safari ndefu za kuvuka Pasifiki nafasi ya dakika 40 ya kulala kwa zamu wakiwa kitini, wenzao wakiendesha ndege. Walilala wastani wa dakika kama 26, na walikuwa macho zaidi katika sehemu ya mwisho ya safari kuliko wale ambao hawakulala. Kama si uvivu kwa rubani aliyebeba abiria, si uvivu kwako. Weka kengele ya dakika 20 hadi 30. Ukipitiliza unaweza kuingia usingizi mzito, na ukiamshwa humo utazubaa kwa muda. Usilale jioni, utaharibu usiku.

*"Nikikosa usingizi katikati ya wiki nalipa Jumamosi na Jumapili."*

Unalipa sehemu, na kusinzia kutapungua, lakini umakini haurudi wote kwa siku mbili. Tena ukilala hadi saa 5 asubuhi Jumapili, usiku wake usingizi hauji, Jumatatu unaianza na upungufu mpya. Likizo nazo ni hivyohivyo: Jessica de Bloom na wenzake waliofuatilia watu kabla na baada ya likizo walikuta faida yake inayeyuka ndani ya wiki chache za kurudi kazini. Likizo ni haki na ni nzuri, ila haiwezi kubeba mwaka mzima.

*"Haya yote ni ya watu wa ofisini. Mimi nina kazi mbili, nyingine ya usiku. Nikipumzika watoto hawali."*

Swali hili ndilo lililoniuma, na sitakujibu kwa mbinu za kupanga muda. Hujakosa nidhamu. Unafanya kila kinachowezekana, na mzigo ni mkubwa kuliko mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio mwaka 2021: kwa mwaka 2016 pekee, vifo takriban 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo vilihusishwa na kufanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki. Ukilinganisha na anayefanya masaa 35 hadi 40, hatari ya kupata kiharusi inapanda kwa kama asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo wa mishipa kuziba kwa asilimia 17. Naamini wengi wao hawakuwa wanakimbizana na ndoto, walikuwa wanatafuta riziki. Ndiyo maana mimi siamini kwamba mapumziko ni suala la tabia ya mtu binafsi peke yake. Ni suala la mkataba, mshahara na idadi ya watu waliopangwa kwenye zamu, na anayezungumzia tija bila kuyagusa hayo anamtwisha mfanyakazi lawama isiyo yake.

Kwa sasa, wakati hayo hayajabadilika: kama ratiba inaruhusu, lala kidogo kabla ya kuingia zamu ya usiku, usisubiri katikati ya zamu. Chumba cha kulala mchana kiwe na giza kadiri unavyoweza, hata kwa kuziba macho na kitambaa, kwa sababu mwanga ndio unaouambia mwili kwamba ni mchana. Waombe wa nyumbani wayaheshimu masaa yako ya kulala kama ambavyo wangeheshimu usiku. Na tafadhali, ukitoka zamu ya usiku usiendeshe mwenyewe chombo cha moto kama kuna namna nyingine ya kufika.

Wenye kusimamia watu, nanyi msome hapa. Ujumbe unaoutuma usiku ukiandika "jibu kesho" unamwamsha mtu leo. Uandike, uuhifadhi, uutume asubuhi. Mtu akikwambia hajachoka, usitumie hilo kama ruhusa ya kumuongezea. Rudi kwenye lile jaribio la Pennsylvania.

*"Nianzie wapi, kitu kimoja tu?"*

Saa ya kuamka. Iwe moja siku zote, za mapumziko zikiwemo, halafu rudi nyuma masaa 8 kupata saa ya kuingia kitandani. Mtu mzima anahitaji angalau masaa 7 ya usingizi wenyewe, na hakuna anayesinzia sekunde anayolala chini. Mapumziko ya mchana yaweke kwenye ratiba kwa saa ya ukutani, si kwa kusikilizia mwili, kwa sababu niliyoanza nayo. Na kabla ya kufunga kazi, andika mstari mmoja unaosema kesho utaanzia wapi. Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba kazi iliyoachwa nusu hubaki na kipande cha umakini wako hata ukishahamia jambo jingine. Ukishaandika hatua inayofuata, akili inaiachia kwa urahisi zaidi, na jioni yako inakuwa yako.

Wauguzi, madereva wa masafa marefu, walinzi na wote wa zamu za kuzunguka, naomba mtuandikie mnavyolala. Nataka hasa kusikia wale ambao zamu zao zilibadilishwa kutoka ndefu kuwa fupi: makosa yalipungua? Na mshahara ulibaki palepale?